Upepo wa Moto Maktabani

Kaka Behruz,

Mama anakusalimu, anauliza kama unakula vizuri. Maktaba niliyoichora hapa Yazd imefunguliwa. Mnara wake hushusha upepo hadi kwenye mfereji wa maji chini ya ardhi, na vyumba hupoa bila umeme.

Juzi upepo ulitoka wa moto. Maji yalikuwa yamekatika. Baba akaamua kushuka mferejini kuangalia; nilipomkataza, akanicheka: "Nimezeekea kwenye mifereji hii, binti yangu! Wewe chora tu."

Alishuka jana asubuhi, na hadi sasa hajapanda. Tukivuta kamba aliyojifunga kiunoni, inakuja nyepesi. Wachimbaji wenzake wanasema udongo bado unaporomoka, hakuna wa kumfuata.

Barua hii nampa dereva wa basi la Tehran, rudi naye. Mama nimemwambia Baba yuko kazini, naye amemfunikia chakula.

Dada yako,
Golnar