Mtaa wa Pili kutoka kwa Mama Rehema

Tandika, Dar es Salaam

Mama yangu mzazi,

Asalaam aleikum. Barua hii ikukute umeshatoka shamba, umenawa miguu na umekaa. Mimi mwanao ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Nauliza kwanza goti lako. Ile dawa ya kuchua imesaidia, au bado unapanda dunguni kulinda shamba kwa kushikwa mkono? Na mpunga je? Mjomba Hamisi alinieleza kwamba nguruwe wameingia tena upande wa mtoni, na kwamba mnalala huko huko shambani kuwafukuza. Mungu awajalie mvune salama.

Nimemkabidhi Mjomba barua hii akufikishie mkononi mwako hapo Mbuchi. Nakuomba uisome mwenyewe, mama, hata ikikuchukua kutwa. Usimpe mtu akusomee. Tangu uliponikatia simu, kila nikipiga haipokelewi. Mtandao wa huko naujua, lakini na kununa kwako nakujua. Neno lako la mwisho lilikuwa, "Mie sijafa, Tatu. Mbona unatafuta mama mwingine?" Sikupata nafasi ya kukujibu.

Rehema unamkumbuka. Ndiye yule rafiki yangu wa chuo niliyekuja naye likizo, mwembamba, macho yana umanjano kidogo, aliyeogopa kupanda mtumbwi na tulipofika akakataa kushuka, anataka azungushwe tena. Ulimuuliza kama chuoni anakula vizuri, akacheka mpaka akakohoa. Hakukuambia siku ile kwamba alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu unaotesa viungo. Hakupenda watu wajue.

Hosteli tulilala chumba kimoja, na tulikuwa tumeshapanga kwamba tukimaliza tutapanga nyumba pamoja, chumba na sebule. Tuligombana sana kuhusu mtaa. Yeye alitaka Sinza, kwenye taa na watu. Mimi nilitaka Mbagala, karibu na mabasi ya Kibiti, nikisikia hamu ya nyumbani nipande niondoke. Alikuwa akinicheka: "Wewe unataka kukaa stendi kama mzigo." Alifariki kabla ya mitihani ya mwisho. Nilipokupigia simu ulilia kuliko mimi, mama. Sijasahau.

Jambo ambalo sikukusimulia ni la siku ya mahafali. Mama yake alikuja. Hakuna aliyemwalika. Nilimwona kwa mbali amekaa na Mjomba, amevaa baibui jipya. Majina yakasomwa, wale waliokuwa darasa moja na mwanawe wakapita mmoja mmoja, yeye katulia tu. Jina langu liliposomwa akasimama akapiga kigelegele. Mjomba alisema baada ya hapo alijifunika uso kwa mtandio mpaka shughuli ikaisha.

Nikapata kazi maabara, kwenye zahanati ya mtu binafsi huku Temeke, na hosteli ikabidi niiache. Wewe ulisema niende kwa Mjomba, huko Chamazi. Nilikwenda. Mkewe alinipokea kwa mikono miwili, lakini usiku wa kwanza nikaona watoto wamehamishiwa sebuleni, wamelala chini, ili mimi nipate kitanda. Mjomba mwenyewe akaniambia taratibu, "Mpwa wangu, hapa ni kwako. Ila tafuta pa kujisitiri." Nikamtafuta dalali.

Dalali alinipeleka kwanza kwenye bonde moja huko Kigogo. Chumba kizuri, kimepakwa rangi mpya, lakini rangi yenyewe imeishia kiunoni, juu yake ni ile ya zamani. Nikamuuliza, "Maji huwa yanafika hapa?" Akajibu, "Maji gani, dada? Huku mjini." Mtoto wa Mbuchi, aliyekulia kwenye mafuriko, hadanganywi kwa hilo. Nikamshukuru nikatoka.

Kimara ndipo nilipopapenda. Mlimani, upepo unapita, nyumba safi, ua umefagiliwa. Mwenye nyumba alikuwa mzee mstaafu mwenye heshima zake, akanipa kiti, akaagiza niletewe soda. Akaniuliza kazi yangu, nikamweleza. Akaniuliza kwetu.

"Kibiti, mzee. Huko delta."

Akamtazama dalali. Kisha akanigeukia. "Kibiti ile iliyokuwa na mambo yale?"

"Ndiyo, mzee. Lakini mambo yale yalitukuta sisi."

Akasema atazungumza na mkewe. Jioni dalali akapiga simu kwamba chumba kimepata mtu. Akaongeza, kwa nia njema kabisa, "Dada, siku nyingine sema Mkoa wa Pwani tu, inatosha." Mama, ile miaka ya mauaji, tulivyokuwa tukizima taa mapema, tukaogopa hata kubisha hodi kwa jirani, unaijua wewe na naijua mimi. Nilikaa chini nikafikiria kwamba ili nipate dirisha lenye upepo itabidi nianze kupaficha nyumbani kwetu. Nikaona siwezi.

Siku ile ile nilipita Tandika kumsalimia Mama Rehema. Ni Mmatumbi, amekulia upande wa Kibiti, alihamia hapa mwanawe akiwa mdogo ili awe karibu na kliniki. Mumewe alikataa kuhama, wakaachana kwa sababu hiyo. Sasa anakaanga vitumbua asubuhi na kuuza mlangoni. Nilimsimulia habari ya Kimara, akafyonya. "Mtaa huu nusu yake ni watu wa Rufiji na Kilwa. Hapa nani atakuuliza hivyo?" Halafu akaanza kuniuliza mpunga umeendaje, maji ya mto yamepungua au bado. Tangu nimalize chuo hakuna aliyeniuliza habari za mpunga. Nilipoaga, akasema, "Chumba cha mwenzio kipo. Kitanda kipo. Unahangaika nini?"

Nikakupigia kukuomba ruhusa, nawe ukasema lile neno.

Nisikufiche, nilihamia. Sikuwa na pa kwenda na kazi ilikuwa imeshaanza. Mwanzoni nilishukuru. Nikirudi nakuta chakula kimefunikwa. Lakini Mama Rehema akaanza kunilazimisha nivae sweta jioni, joto lote hili la Dar. Nikipiga chafya anaacha kazi anakuja kunishika paji la uso. Nguo zangu alizihamishia sandukuni, akanitundikia ukutani magauni ya Rehema. "Vaa, ni mazuri, yanakaa bure." Nilivaa moja, mama, siku moja. Alinitazama kwa furaha ambayo ilinitisha.

Na akaanza kuniita Rehema. Mara moja moja, kwa kupitiwa. Mimi nikaitika, maana kumsahihisha niliona ni ukatili.

Siku moja asubuhi maji yalitoka bombani, nikajaza ndoo, nikajitwisha. Nikasikia mtu akipiga ukelele nyuma yangu.

"Rehema! Weka chini ndoo hiyo! Unataka kulazwa tena?"

Nikaiweka. Jirani aliyekuwa akianika nguo akaacha nguo zake akaingia ndani. Mama Rehema akasimama na mwiko mkononi, akanitazama kama mtu aliyeamshwa.

"Nimekuitaje?"

"Umeniita Rehema."

"Si mara ya kwanza?"

"Si mara ya kwanza, mama."

Akakaa pale pale kizingitini akalia. Siku ya mazishi alikuwa amekaa kimya akipokea wageni, watu wakamsifu kwa subira. Sasa alilia kwa sauti mbele ya vitumbua vilivyokuwa vikiungua, na mimi sikujua nizime moto au nimshike yeye. Nilimshika yeye.

Baada ya swala ya Ijumaa nikamwambia nataka kupanga chumba changu.

"Nimekuudhi?"

"Hapana, mama."

"Basi unaogopa kitanda cha marehemu."

"Siogopi. Tulilala naye chumba kimoja chuo kizima. Lakini mimi ni Tatu. Nina mama yangu, yuko Mbuchi, ndiye aliyenipa jina hili. Nikikaa humu nitakuwa naitikia jina la mwenzangu, na yeye huko ananikosa."

Akageukia ukuta. "Nenda basi," akasema. "Wote mnakwenda."

Nilipata chumba Mbagala, karibu na stendi, vile vile nilivyokuwa nikitaka zamani. Kizuri, na mwenye nyumba hakuniuliza kwetu. Nilikuwa nimeshashika ufunguo. Nikasimama mlangoni nikajaribu kujiona nimekaa mle, nikashindwa. Si kwamba nilimhurumia Mama Rehema tu, mama, usifikiri hivyo. Kutoka Tandika kwenda kazini ni kwa miguu. Dukani nikizungumza, hakuna anayegeuka kusikiliza lafudhi yangu. Na kweli pia, nilimfikiria yule mwanamke akiwasha jiko alfajiri peke yake. Nikaurudisha ufunguo. Nikapanga chumba Tandika, mtaa wa pili kutoka kwake. Ndipo ninapoandikia barua hii.

Mama Rehema alinuna. Nikipita kununua vitumbua ananifungia bila kuinua uso. Kisha jioni moja akabisha hodi. Akaingia, akatazama dari, akatazama kitanda, akafungua pazia.

"Dirisha lako linaangalia choo cha watu."

Nikacheka. Yeye hakucheka, lakini alikaa. Akasema, "Jumamosi njoo unisaidie. Nataka kuvitoa vitu vya kile chumba."

Tulivitoa. Kila nguo aliinusa kabla ya kuikunja. Magauni tuliyapeleka kwa wasichana wa madrasa, vitabu nikawapelekea wadogo zetu wa chuo. Chini ya kitanda, ukutani kabisa, kulikuwa na chupa kubwa ya maji, imejaa nusu. Wagonjwa wa selimundu huambiwa wanywe maji mengi, na ile ilikuwa chupa yake. Maji yalikuwa yale yale aliyoyaacha siku aliyotolewa humo kupelekwa hospitali. Mama yake alijua yapo siku zote. Mimi nililala juu yake bila kujua.

"Mwaga wewe," akaniambia. "Mie mkono haukubali."

Nikamwambia tushike wote. Tukatoka nayo uani, tukayamwaga polepole kwenye mchaichai ulioota kando ya bomba. Hakulia. Aliiosha chupa kwa sabuni, akaipindua ikauke, akasema chumba atampangisha fundi cherehani anayekitafuta.

Nilipokuwa naondoka alinishika mkono. "Tatu," akasema, "mwambie mama yako mie si mnyang'anyi. Mwambie aje anione kwa macho yake. Nami nikamwone anayelima mpunga na goti bovu."

Hayo ndiyo maneno yake, nimeyaandika kama alivyoyatamka.

Sikuombi ruhusa ya kukaa hapa, mama, maana nimeshakaa. Nakuomba usininunie. Ulinifundisha kutomwacha mtu peke yake msibani, na msiba huu umechukua muda mrefu kuliko nilivyodhani. Hakuna mwingine ninayemwita mama kama ninavyokuita wewe. Yeye namwita mama kwa sababu ni mama wa mtu.

Nisalimie Bibi, mama yake baba, mwambie nimepata ubani alioutaka. Nisalimie Kaka Shabani na mkewe, na mtoto wao mchanga ambaye bado sijamwona. Nisalimie Baba mdogo Omari, anayekulindia mpunga. Mjomba atakaa huko mpaka mavuno. Akirudi, panda naye basi, ushukie Mbagala Rangi Tatu, nitakuja kukupokea. Chumba changu ni kidogo na kitanda ni kimoja. Kitanda ni chako, mimi nitatandika mkeka chini karibu yako. Asubuhi tutakwenda wote wawili mtaa wa pili, na mimi nitabisha hodi, wewe utatoa salamu.

Ni mimi mwanao wa tatu kuzaliwa,
Tatu