Hodi Kwenye Banda la Kuku

Kaka yangu Elia,

"Kompyuta moja haiwezi kutuma na kupokea kwa wakati mmoja. Ni kama redio za walinzi: ukibonyeza useme, husikii." Maneno yako hayo, ya Jumapili kwenye simu, mbele ya mama na mkeo. Shikamoo. Naomba mgongo wako uwe umepoa na alizeti iwe imesimama vizuri hapo Nduguti. Sasa, kwa heshima zote za mdogo wako: umekosea, na nitakuonyesha ulipokosea.

Huku Hamburg theluji imegoma kuondoka. Nikitoka kufua mashuka ya watu hotelini, nakaa jikoni nahangaika kwa mtandao na kile kibao cha kompyuta nilichowatumia huko. Kazi yake unaijua, maana ulikifunga wewe: upande mmoja wa mlango wa banda kuna taa ya mwanga usioonekana kwa macho, upande wa pili kipokezi. Kuku akipita anakata mwanga, kibao kinahesabu, mama anasoma idadi kwenye simu. Hataenda tena kuinama gizani kuhesabu kuku, kama jioni ile alipoanguka.

Ulipokiwasha, kipokezi kilisikia kwa sekunde moja, kisha kimya. Ukatoa hukumu: kuku wauzwe kabla mama hajaanguka tena. Nikazima taa kutoka huku, nikakuomba ubonyeze rimoti ya televisheni mbele ya kipokezi. Kikasikia kila kitufe! Nikawasha taa, kikawa kiziwi tena. Ukacheka, "Si nilikwambia, profesa?" Nilivimba, kaka. Nikasoma kila nilichokipata, nikaandika programu upya mara tatu. Bure.

Jumanne mama akapiga simu kuuliza kama nimekula. Katikati akasema, "Hako kataa kako kanamwambia nini mwenzake?"

"Kanapiga hodi, mama. Bila kukoma."

"Bila kukoma? Kwani kamelelewa wapi? Hodi mara tatu, unanyamaza usikie karibu. Anayegonga mfululizo tunamwacha nje, tunajua ni mlevi."

Nikarudi kwenye maelezo ya kipokezi, nikayasoma upya. Kumbe kipokezi nacho kiliumbwa hivyohivyo: mwanga usio na kituo hukichosha, kikauhesabu kuwa kelele na kuziba masikio. Kibao hakikuwa na kosa. Kosa ni langu, niliyelelewa nyumba hiyohiyo. Nikaiamuru taa imulike kidogo, ipumzike kidogo, imulike tena, haraka haraka. Jana kuku wakaingia, kibao kikaandika kumi na tisa. Mama, mbishi kama mimi, akahesabu mwenyewe leo asubuhi walipotoka: kumi na tisa. Kutuma na kupokea kwa pamoja, kaka, kwenye kibao kimoja!

Nisalimie mama mdogo wa Mandewa, na wifi yangu, mkeo, ambaye Jumapili alinitetea peke yake.

Yule mnunuzi wa kuku uliyemwita aje Ijumaa na matenga yake, wewe na wifi msimfungulie banda. Kuku ni wa mama. Mwambieni mnunuzi hivyo, mama akiwa amesimama hapo hapo, asikie.

Mdogo wako, anayekupenda hata akikufokea,
Naomi