Mama Anadhani Nasoma Sheria

Jumatatu, 3 Novemba
Basi la kutoka Saltley, mtaani kwetu, limechelewa tena. Vioo vimejaa ukungu, nimeandika herufi za Kigiriki cha kale kwa kidole. Mji mzima ukaonekana kama uko chini ya maji. Raha. Halafu hofu. Huu mwaka wangu wa pili chuoni, na Mama bado anaamini nasoma sheria.

Jumatano, 5 Novemba
Darasani tumesoma maandishi ya Kigiriki kwenye jiwe la kaburi. Msichana wa miaka ishirini, kama mimi. Mama yake ndiye aliyeliandikisha. Neno la mwisho lilinishinda kulitafsiri kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili likaja lenyewe: kipenzi. Nimetoka naelea. Nimepitiliza kituo changu.

Ijumaa, 7 Novemba
Bi Zuhura, jirani yetu, kapata barua kuhusu kibali chake cha kuishi hapa. Mama kamwahidi kwamba kesho nitamjibia. Eti tuna mwanasheria ndani, ahangaike ya nini?
Sijala. Mwongo mimi.

Jumamosi, 8 Novemba
Bi Zuhura kaja na bahasha, kaifunga ndani ya leso. Nikikosea mimi, anaumia yeye.
Nikasema, “Mama, sijui sheria. Niliiacha mwaka jana. Nasoma Kigiriki na Kilatini, vya kale.”
Mama akaweka birika chini. “Nani anavizungumza hivyo?”
“Hakuna. Wamekufa wote.”
Hakuna aliyecheka.

Jumanne, 11 Novemba
Nimekosa kipindi, nimempeleka Bi Zuhura kwa wakili wa bure, karibu na Alum Rock Road. Kanishika mkono njia nzima. Wakili kasema muda wa kujibu bado upo. Bi Zuhura kalia. Nami pia.
Mama siku ya tatu hanisemeshi. Nyumba nzito. Natembea ndani yake kama niko ndotoni.

Alhamisi, 13 Novemba
Mama karudi kutoka kazini, ghalani Washwood Heath. Kakaa bila kuvua koti.
“Rukia, hicho Kigiriki hakijaniudhi. Kilichoniudhi, mwaka mzima umenifanya mgeni.”
Nikamwomba radhi. Kanyanyuka, kasogeza cherehani yake hadi ukingoni mwa meza, nipate pa kutandaza vitabu.
Mvua nje. Yeye anashona, mimi nasoma kwa sauti ya chini. Hajaniambia ninyamaze.