Albamu Tuliyoichoma Baada ya Sabato

Itumbe, Jumapili

Kwako mwanangu Ochoki,

Huku mvua imezidi, chai inakua kuliko mikono ya kuichuma. Yule ng'ombe aliyekuwa akishtushwa na ngoma zako amezaa ndama jike.

Unakumbuka nilivyowapa wazee wa kanisa CD zote za bendi yenu? Nilikuwa nimemsikia kijana wangu Nyangau, rafiki yako, akinguruma kwenye ile albamu ya muziki wa metali, nikasema ameingiwa na pepo. Tulingoja kwanza jua la Sabato litue, tusivunje amri, ndipo tukawasha moto. Yeye alisimama kando ya migomba akitutazama.

Tangu tumzike, sauti yake inanipotea kidogo kidogo.

Sasa dadake ananiambia kwamba wimbo wa mwisho mliurekodi hapa ghalani, mkasahau kuzima mashine. Ati nasikika nikimwita aje anywe chai, naye ananiitikia, "Nakuja, Mama."

Kama umebaki na nakala hata moja, nitumie. Ngurumo zote nitazivumilia mpaka nifike hapo. Kama huna, tafadhali usinijibu, niendelee kungoja.

Ni mimi,
Mamake Nyangau