Puto na Kiti cha Mbele

Jumatatu, 4 Agosti 1997

Nimesahihisha madaftari ya fizikia, kisha nikaenda kuomba michango. Tena. Klabu ya sayansi inataka kurusha puto lipande juu kuliko ndege, lipime joto na mgandamizo wa hewa juu ya ziwa. Puto wanalo, la mwisho alilobaki nalo mstaafu mmoja wa idara ya hali ya hewa. Vipimo wamevitia kwenye sanduku jeupe la kusafirishia minofu ya sangara. Kinachokosekana ni gesi. Mwenye duka mmoja aliniuliza puto litauza nini huko juu. Soko huria hilo.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimekwenda kwa Kamuli, mwenye kiwanda cha samaki. Niliwahi kumwandika gazetini: minofu inakwenda Ulaya, sisi tunabaki na mifupa. Kumbe alisoma.

"Karibu Mwalimu. Leo mifupa imekuja kubisha hodi?"

Nikaimeza kejeli hiyo. Atatoa mtungi wa gesi. Sharti: iwe harambee, viti, na mgeni rasmi, rafiki yake, wa kuachia kamba. Nilichukia. Nilikubali.

Ijumaa, 8 Agosti

Nyanzobe, mwenyekiti wa klabu, kidato cha tano, hakufurahi. Puto liruke saa kumi na mbili alfajiri, anasema, ziwa likiwa limelala. Jua likipanda, upepo unaamka. Nimemhakikishia mgeni atawahi. Nimeahidi kwa miguu ya mtu mwingine.

Jumamosi, 16 Agosti

Alfajiri tuliambiwa mgeni yuko njiani. Vijana wakajaza puto, wakalifunga kwenye jiwe. Zuri ajabu. Kiti cha mbele kitupu.

Saa tatu ikaja habari: mgeni yuko Kigongo, anangoja kivuko.

"Mwalimu, turushe tu," Nyanzobe akasema. "Akifika tutamwonyesha lilipo."

Kamuli akacheka. "Binti, umeona wapi harusi bila bwana harusi?"

Mkuu wa shule akamuunga mkono. Nikabishana nao mbele ya wazazi hadi sauti ikakauka. Saa tano upepo ukatoka ziwani. Puto likajipiga kwenye mawe mara mbili, likapasuka.

Mgeni alifika saa saba. Alihutubia. Alisifu puto. Makofi. Nyanzobe akaamriwa amvishe shada, akamvisha.

Jumapili, 17 Agosti

Sikwenda kanisani. Ningegombana na padri bure.

Zamani tulimngoja katibu wa chama. Sasa, eti, tumefungua milango, tunamngoja rafiki wa tajiri. Tumebinafsisha kila kitu, kile kiti hatujakigusa. Na mimi, mpiga kelele mkubwa, nilisaidia kukibeba.

Jumapili, 24 Agosti

Nimeamka mapema, nikateremka ufukweni. Nyanzobe alikuwa amekwisha fika, ameketi juu ya lile jiwe.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba."

Alikuwa ameshika leso kwa ncha, kupima upepo. Leso ilining'inia, haikutikisika. Asubuhi njema ya kurusha.

Tulikaa hadi leso ilipoanza kupepea.