Paa la Mama na Upepo wa Mashariki

Mama yangu,

Shikamoo. Na mbukwenyi pia, maana najua Neema akisoma "shikamoo" peke yake utamwuliza kama nimeshasahau Kigogo. Sijasahau. Mguu wa kushoto unaendeleaje? Na kifua je, kwa vumbi la hapo Ipagala kwa Neema? Mimi ni mzima, nakula, na baridi ya Uingereza ni ile ile niliyokueleza mwaka jana, sina jipya la kuongeza.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu kila nikigusa habari ya nyumba unaniuliza nimekula nini, halafu simu unampa Neema. Basi Neema, mdogo wangu, msomee mama polepole na usiruke mistari.

Nianze na kazi. Nimesikia umewaambia kina mama wa kwaya kwamba mwanao ni fundi bodi wa magari. Wala si uongo. Ninachora bodi za magari ya mashindano, yale ya kiti kimoja ambayo magurudumu yake yamekaa nje. Yana mabawa mbele na nyuma, ila mabawa hayo hayainui; yanalikandamiza gari chini lisiteleze kwenye kona. Bawa la mbele la mwaka huu ni langu. Siku ya majaribio tunalipaka rangi ya kijani iliyochanganywa na mafuta ya taa. Gari likikimbia upepo unaiburuta ile rangi, likirudi tunasoma michirizi yake. Ndiyo kazi yenyewe, mama, kutazama upepo umepita wapi.

Wiki ile bati zako zilipong'oka tulikuwa uwanjani kwa majaribio, na palikuwa na upepo. Dereva alirudi analalamika kwamba kwenye kona moja gari linakuwa jepesi mbele, halishiki njia. Tukalivua bawa, tukalipima, halina ufa. Mkuu wangu wa kazi, mama mmoja asiyependa maneno mengi, akaniuliza, "Ulipochora, upepo ulikuwa unatoka wapi?" Nikamjibu, mbele. Akasema, "Na leo?" Leo ulikuwa unatoka ubavuni. Gari likienda kasi hujitengenezea upepo wake, nao huja kwa mbele siku zote. Nimelizoea hilo kiasi cha kusahau kwamba kuna upepo mwingine usio na habari na gari. Tukarekebisha, yakaisha, hakuna aliyenigombeza.

Mchana nikiwa nakula ukaingia ujumbe wa Neema. Paa la nyumba ya Kongwa limeondoka lote, mbao za kenchi na bati, limeangukia uzio wa Mzee Lazaro jirani. Wewe ulikuwa chumbani unakunja khanga, ukainua macho ukaona mawingu. Hukuumia. Nilimshukuru Mungu, nikarudi kazini, na sikumwambia mtu. Ningeanzia wapi? Mtu ambaye kazi yake ni kuzuia magari yasiruke, nyumba aliyoichora imeruka.

Unaikumbuka siku ile kiwanjani Kongwa, tulipokuwa tunapanga nyumba. Fundi Yohana alitaka baraza liwe nyuma, upande wa magharibi. Mimi nikakataa. Nilitaka baraza pana linalotazama barabara, mashariki, kwa kuwa kichwani mwangu nyumba ilikuwa na mbele yake kama gari. Fundi akasema, "Dada, upepo wetu unatoka huko huko mashariki. Ukiingia barazani utakosa pa kutokea, utanyanyua paa." Nikamwambia upepo ndiyo kazi yangu. Wewe hukubishana. Ulichota vumbi, ukalirusha juu, ukasema, "Ona." Nikacheka, nikakupiga picha.

Picha hiyo bado ninayo. Juzi niliikuza kwenye kompyuta ya kazini, ile ninayosomea michirizi ya kijani. Umeinua mkono, umefumba macho, na vumbi lote linakwenda moja kwa moja pale tulipochimba msingi wa baraza. Miaka miwili nimetembea na jibu kwenye simu yangu. Nimeona aibu, mama. Naomba unisamehe. Fundi Yohana nimeshampigia kumwomba radhi. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Haya dada, yamepita." Angenifokea ningepata nafuu.

Neema ameniambia ulichosema: "Nyumba iliyoruka mara moja inajua njia. Sirudi mle." Ameniambia pia kwamba mzigo wako uliotoka nao Kongwa mpaka leo hujaufungua, na kutwa unakaa mlangoni kwake umeuegemea. Kongwa hutaki, Ipagala hutaki, na mvua haziko mbali. Hilo ndilo linaloninyima raha kuliko bati.

Kwa hiyo safari hii mchoro hautoki kwangu. Fundi Yohana anajenga anavyojua yeye: baraza la mashariki linabomolewa, jipya linakwenda magharibi, na kenchi zinafungwa ukutani kwa nondo. Nimeomba likizo, nitakuja kumshikia ngazi na kufunga mdomo. Akimaliza, usiingie kwanza. Simama uani, chota vumbi, ulirushe. Likienda barazani, mwambie abomoe, usisubiri mimi nikubali.

Nisalimie Mzee Lazaro, umwambie uzio wake nitausimamisha kwa mikono yangu. Wasalimie kina mama wa kwaya na shangazi wa Chemba. Shemeji, mume wa Neema, mwambie namshukuru kwa kukuvumilia, maana najua unamkosoa anavyofuga kuku.

Na mzigo wako, mama, acha ulivyo. Usiufungue hapo Ipagala. Utaufungulia kwako.

Mimi mwanao, fundi bodi,
Ester