Ruhusa ya Msiba

Mama,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini siwezi kuanza bila hiyo.

Simu ya Muyinga, huko kwenu Burundi, ilinikuta getini kambini, nikiwa zamu. Yule mzee wa kanisa aliyekuhifadhi alisema umeugua siku tatu tu, na kesho wanakuzika. Nikaenda kwa afande kuomba ruhusa, nikamwambia nimefiwa na mama. Akafungua jalada langu, akasoma, akaniangalia. "Mama yako si yuko Ushetu?"

Hapo ningesema. Ningesema kwamba huyo wa Ushetu ni Mama Mkubwa, mke wa kwanza wa baba, na kwamba aliyenizaa ni wewe, uliyekuja kutoka Burundi kuchuma tumbaku ukiwa msichana na hukuwahi kuwa na kibali. Nikaona kazi inaniponyoka, pengine na jela juu. Nikasema, "Ni mama mdogo, afande." Akanipa pole. Kwa mama mdogo hakuna ruhusa.

Nakumbuka siku ya fomu ya jeshi. Uliishika kwa ncha za vidole, utomvu wa tumbaku usije ukaichafua. Tulipofika panapoulizwa mama kazaliwa wapi, ulicheka. "Andika jina la Mkubwa. Karatasi haikukunyonyesha." Tukajiona wajanja. Kumbe uraia wa baba peke yake ungetosha, nimekuja kuambiwa maji yameshamwagika.

Halafu mwaka jana kikosini wakatangaza: askari mwenye mzazi asiye na kibali alete jina lake, aombewe kubaki nchini. Wenzangu wawili walipeleka. Mimi nilinyamaza, maana kwenye jalada mama yangu ana kitambulisho cha taifa. Miezi miwili baadaye watu wa uhamiaji wakakupakia kwenye gari la mpakani na khanga zako mbili. Nilipokupigia, uliniuliza kama nimekula. Mama, niliona aibu.

Shamba lako Mama Mkubwa amepanda karanga. Siku hizi nikimwita Mama, anainamisha uso.

Sina la kukufariji. Kaburi lako sijaliona, na sioni nitafikaje. Ninachoweza kukuahidi ni hiki tu: Mama Mkubwa naye amezeeka, kifua kinambana. Siku atakapofariki nitapewa ruhusa, nitapewa na gari, wenzangu watakuja kunishika mkono. Hapo nitakulilia wewe, kwa sauti, na hakuna atakayeniuliza.

Kwaheri, Mama. Ni mimi wa tumbo lako,

Shija